Kipimo cha Mgodi Kiko Bondeni

Barua ya wazi kwa Tume ya Madini na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa

Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Madini,
Dodoma.

Mwenyekiti na Wajumbe,
Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa,
Tukuyu.

YAH: UREJESHAJI WA ARDHI INAYOCHIMBWA MAKAA YA MAWE NA ULINZI WA MABONDE YA VIJITO, MBINGA HADI LUDEWA

Waheshimiwa,



Nimewaandikia pamoja kwa makusudi. Tume inatoa leseni ya kuchimba mwamba. Bodi inatoa kibali cha kutumia maji na kibali cha kuyatiririsha yakishatumika. Kila ofisi ina sheria yake, mafaili yake na wakaguzi wake. Kijito kinachopita chini ya kilima cha makaa kinaangukia kwenye mafaili ya pande zote mbili, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kikose mwenyewe: huyu anadhani kinaangaliwa na yule, na yule anangoja taarifa ya huyu.

Ombi langu ni moja, na mengine yote humu ni matawi yake. Mgodi wa makaa ya mawe usihesabiwe kuwa umerejesha ardhi kwa sababu tu kilima kimeota majani. Uhesabiwe hivyo siku ambayo maji ya kijito kilicho chini yake yamepimwa, yakalinganishwa na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya greda la kwanza kupanda, na yakaonekana yanafaa kwa kazi zile zile yalizokuwa yakifanya: kunywesha watu na mifugo, kuosha kahawa, kulea samaki.

Niseme mapema kwamba simo miongoni mwa wanaotaka migodi ifungwe. Tangu mgodi wa Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro, kata ya Ruanda, uanze kuzalisha mwaka 2011, Mbinga imebadilika. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia makaa kutoka nje, viwanda vya saruji viligeukia huku. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga soko la nishati, wanunuzi wa mbali wakaanza kuyafuata makaa ya Ruvuma kupitia bandari ya Mtwara. Ukipita Kitai na Amanimakoro unayaona maisha yaliyoletwa na malori: fundi wa matairi, mama lishe, nyumba ya wageni, kijana aliyenunua bodaboda kwa mshahara wa mgodini. Hayo si mambo ya kubeza. Na Mchuchuma, kule Ludewa, ambako zinatajwa tani milioni 428, haijachimbwa kwa ukubwa uliokusudiwa katika mkataba wa mwaka 2011. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii iko mbele yetu. Masharti yanayoandikwa kabla ya shimo kuchimbwa ni rahisi kuyatekeleza kuliko yanayoandikwa baadaye.

Tuanze na njia ya maji, kwa kuwa haionekani kwenye ramani ya leseni. Makaa ya Ngaka na ya Mchuchuma yamo ndani ya bonde la mto Ruhuhu. Upande wa makaa ya Kiwira na Kabulo, mito iliyo jirani ni Kiwira na Songwe. Mito yote mitatu mwisho wake ni Ziwa Nyasa, ziwa lenye mamia ya aina za samaki ambao wengi wao hawapatikani pengine popote duniani. Mmoja wa samaki wa ziwa hilo ni mbasa. Wavuvi wa Lituhi, Manda na Kyela wanamfahamu vizuri: mvua zikijaza mito, mbasa huacha ziwa akapanda kwenda kutaga kwenye changarawe, mahali maji yanapokwenda kasi na kuchukua hewa ya kutosha. Yai huzama katikati ya kokoto na kukaa humo mpaka lianguliwe. Tope laini likijaza zile nafasi, hewa haipiti, na yai linakufa bila kuacha mzoga wa kumwonyesha mkaguzi. Kwa hiyo tope linaloanzia kwenye kijito kisicho na jina huko juu linamhusu mvuvi wa Lituhi hata kama hajawahi kuuona mgodi.

Sasa tuangalie kilima chenyewe kinavyofanywa. Kwanza miti hukatwa. Kisha udongo wa juu, ule wa sentimita chache wenye mbegu, mizizi, minyoo na kuvu, hukwanguliwa. Ukiwekwa kando kwa uangalifu na kurudishwa mapema, ndio utakaoanzisha msitu mpya. Ukirundikwa kwa miaka hadi ndani ukakosa hewa, uhai wake hufifia, na siku ya kurudishwa huwa umebaki vumbi la kufunikia tu. Chini yake kuna mwamba usio na makaa, na huo ndio kazi kubwa ya mgodi wa wazi: ili kuipata tani moja ya makaa, tani kadhaa za mwamba huo huvunjwa na kuhamishwa.

Hapa pana jambo ambalo wanakijiji hawaelezwi ipasavyo kwenye mikutano ya hadhara. Mwamba ukishavunjwa huumuka. Mawe hayapangiki tena yalivyokuwa, nafasi huingia kati yake, na ujazo wake huongezeka kwa robo hivi, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana hata mchimbaji mwaminifu, akifukia shimo lake lote, mara nyingi hubaki na kifusi. Tena mwanzoni shimo lenyewe halipo, kwa hiyo kifusi cha kwanza lazima kiende pengine. Katika nchi ya vilima, pa kukimwaga kwa urahisi kuliko kwingine kote ni bondeni: lori hushuka na mzigo na kupanda tupu. Vijito vingi duniani vimefukiwa na hesabu ya dizeli, bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya.

Mvua za Ruvuma huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Rundo lisilo na nyasi likinyeshewa msimu mmoja, sehemu yake inakuwa imeshaondoka kwenda chini. Hilo ni la haraka na huonekana kwa macho. La polepole huja baadaye. Ndani ya miamba ya makaa mara nyingi mna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa yamefunikwa ardhini hayana neno. Yakivunjwa, yakapata hewa na maji, hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha chuma, manganizi na aluminiamu na kuvishusha kijitoni. Chuma hicho kikikutana na hewa hugeuka kutu na kutanda juu ya mawe kwa rangi ya chungwa, wadudu wa chini ya mawe wanakufa, na samaki waliokuwa wakiwala wanahama au kuisha. Hali hii ikishaanza huweza kuendelea kwa miongo mingi baada ya lori la mwisho kuondoka.

Si kila mwamba una pairaiti ya kutosha kudhuru, na mwingine una chokaa ya kuizima tindikali hiyo. Ndiyo sababu mwamba hupimwa mapema, tabaka kwa tabaka: wenye kutoa tindikali uzikwe ndani, mbali na hewa na maji yanayopita, na ulio salama ukae juu. Kazi hiyo hufanywa na maabara kwa gharama ndogo. Ikirukwa, hulipwa baadaye na mtambo wa kusafisha maji unaopaswa kuendeshwa miaka na miaka, na mtu wa kuulipia huwa ameshaondoka.

Najua mtanijibu kwamba sheria ipo. Ni kweli ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zenye kuhatarisha hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu vyanzo vya maji vitengewe maeneo ya ulinzi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake zinadai mpango wa ufungaji mgodi na dhamana ya ukarabati wa mazingira, na hata mchimbaji mdogo hutakiwa kuwa na Mpango wa Hifadhi ya Mazingira.

Lakini chukueni futi kamba mkasimame nayo ukingoni. Mita 60 kwenye tambarare ya Usangu ni ulinzi. Mita 60 kwenye mteremko wa Mbinga ni mwendo ambao tope huumaliza kwa dakika chache. Rundo lililowekwa mita 61 juu ya kijito limetii sheria, na mvua kubwa ya kwanza itakapokwisha sehemu yake itakuwa imeshafika majini. Halafu kuna suala la mto kuanzia wapi. Vijito vyetu vya juu huanzia kwenye chemchemi ndogo, kwenye majani yenye unyevu, kwenye korongo ambalo kiangazi huwa kavu. Mpimaji akija Septemba atakuta mchanga na kokoto, na ataandika kwamba hapana mto. Aje Februari, atahitaji gogo la kuvukia. Kama mipaka ya ulinzi inachorwa wakati wa kiangazi, tunalinda mto ukiwa umeshakuwa mkubwa na kuviacha vyanzo vyake bila ulinzi.

Wenzetu waliotutangulia kuchimba makaa wamelipia kosa hili kwa njia tofauti, na masomo yao ni bure kwetu.

Huko Aberfan, Wales, mgodi ulirundika kifusi juu ya mlima kwa miaka mingi. Rundo namba 7 lilianzishwa mwaka 1958 juu ya chemchemi na kijito ambavyo vilikuwa vimeonyeshwa kwenye ramani. Tarehe 21 Oktoba 1966, baada ya siku za mvua, rundo lililolowa liliporomoka hadi kwenye shule ya msingi na nyumba za jirani. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Tume ya uchunguzi ililitia hatiani shirika la makaa la taifa, yaani mwenye mgodi alikuwa ni umma wenyewe. Hilo tulikumbuke kila tunaposikia kwamba ubia wa Serikali unatosha kuwa ulinzi.

Nchini Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kudhibiti uchimbaji wa makaa wa juu ya ardhi tarehe 3 Agosti 1977. Mwaka 1983 ikaongezwa kanuni ya kuweka nafasi ya futi 100, kama mita 30, kando ya vijito. Kwenye karatasi vijito vilikuwa salama. Kanuni hiyo, hata hivyo, iliacha mlango wa kuomba ruhusa maalumu, na kwenye milima ya Appalachia, hasa West Virginia na Kentucky, mlango huo ukawa ndio barabara kuu. Vilele vya milima vilipasuliwa kwa baruti, kifusi kikasukumwa mabondeni. Kati ya mwaka 1985 na 2001 pekee, zaidi ya kilomita 1,100 za vijito zilikuwa zimefukiwa, kwa hesabu za serikali yao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2016 ilitolewa kanuni mpya ya kulinda vijito. Ilipofika Februari 2017 ilikuwa imeshafutwa na Bunge lao na Rais Trump. Vijito vilivyofukiwa havikurudi.

Karibu zaidi na kwetu kuna Afrika Kusini. Makaa yao ya Mpumalanga yamo katika miamba ya Karoo, jamii ile ile ya miamba iliyobeba makaa ya Ngaka na Mchuchuma. Januari 2012, mvua kubwa ilisukuma maji yenye tindikali kutoka eneo la migodi hadi kwenye bwawa linalouhudumia mji wa Carolina. Watu wa mji mzima walifungua bomba wakapata maji wasiyoweza kuyanywa, wakaishi kwa maji ya matenki kwa miezi, hadi wakaenda mahakamani. Kijito kidogo kilikuwa kimeibeba tindikali hiyo mpaka mjini.

Kuna somo la nne, nalo linahusu fedha. Sheria ile ya Marekani inataka dhamana kabla ya kuchimba, na huirudisha kwa hatua: hadi asilimia 60 baada ya kufukia na kusawazisha, nyingine mimea ikishashika, na ya mwisho angalau miaka 5 baada ya kupanda, au 10 katika maeneo makavu. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini majimbo kadhaa yaliruhusu kampuni kubwa zijidhamini zenyewe kwa ukubwa wa jina. Mwaka 2016 Peabody, kampuni kubwa ya makaa kuliko zote nchini humo, iliomba kinga ya mufilisi huku ikiwa na ahadi za aina hiyo zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1. Ahadi ya mtu kwamba atasafisha akiwa na fedha haina maana, kwa sababu dhamana huwekwa kwa ajili ya siku ambayo hatakuwa nazo.

Na sisi tunazo kumbukumbu zetu. Mwaka 2019 baraza letu la taifa la mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu. Faini hiyo ilionyesha kwamba mamlaka zetu zina meno. Ilionyesha vilevile kwamba meno hayo huuma maji yakiwa yameshachafuka.

Sasa niwarudishe Mbinga, maana ujuzi wa kushika udongo kwenye mteremko hatuhitaji kuuagiza. Wamatengo wamelima milima yao mikali kwa ngolo tangu enzi za mababu. Mvua zikielekea kwisha, nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, hadi mteremko mzima unakuwa na miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya nyasi, na maharage hupandwa kwenye matuta hayo. Mahindi hufuata msimu mwingine. Kinachobaki katikati ni shimo. Ukiutazama mlima huo kutoka ng'ambo, unaona kitu kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila shimo hukamata maji yake na udongo wake, maji huzama taratibu, nyasi huoza na kurutubisha, na kijito cha chini hupokea maji yaliyochujwa. Kwa njia hiyo watu wamekula kutoka kwenye miteremko ambayo wataalamu wengi wangeikataa, na mabondeni pakaendelea kuwa na maji.

Linganisheni na urejeshaji wa kawaida wa mgodi. Kifusi husawazishwa kwa greda, kikashindiliwa hadi kikang'aa, kikarushiwa mbegu za nyasi zinazoota haraka, kikapigwa picha kwa ajili ya ripoti. Sura yake ni nzuri. Maji, kwa kukosa pa kuzama, huteleza juu yake yote na kuingia kijitoni kwa kasi. Mizizi ya miti nayo haipenyi. Huko Appalachia walihangaika na nyasi zisizogeuka msitu kwa miaka mingi, mpaka wataalamu wao wakaanza, tangu mwaka 2004, kueneza mbinu ya kuacha mita 1.2 za juu bila kushindiliwa, zikiwa na mabonde na matuta, na kupanda miti ya asili. Mmatengo angewaambia hivyo bila kupanda ndege. Ardhi iliyotibuliwa inahitaji kuachwa na mashimo ya kukamata maji, inahitaji kulegezwa, na inahitaji miti ya hapo hapo, miombo na mikusu, badala ya mikaratusi inayopandwa kwa sababu miche yake ni rahisi kupatikana.

Kwa hayo, waheshimiwa, naomba yafuatayo yaingizwe kwenye masharti ya kila leseni ya makaa na kila kibali cha maji katika bonde lenu. Mengi hayadai sheria mpya. Yanadai kalamu zenu mbili ziandike kitu kimoja.

1. Vipimo vya kabla. Pasichimbwe mahali popote kabla vijito vyote vinavyotoka kwenye eneo hilo havijapimwa mwaka mzima, masika na kiangazi. Kifaa cha kupima tindikali na upitishaji umeme wa maji huingia mfukoni. Mwamba uliovunjwa hutoa chumvi, na chumvi hufanya maji yapitishe umeme zaidi, kwa hiyo kifaa hicho hutoa onyo kabla ya jicho kuona chochote. Kwa vijito vya Appalachia, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitaja mwaka 2011 kiwango cha mikrosimensi 300 kwa sentimita kuwa ndipo hatari kwa wadudu wa majini inapoanza. Cha kwetu kitafutwe hapa hapa, kwa maji yetu. Tunao hata mfumo wetu wa Tanzania wa kupima afya ya mto kwa kuhesabu wadudu wake, TARISS. Utumike.

2. Mpaka wa bonde. Kifusi kisimwagwe katika bonde lolote lenye chemchemi, kijito au korongo la msimu. Ramani ya maji ichorwe wakati wa mvua, wakiwepo wazee wa kijiji na akina mama wanaoteka maji, kwa kuwa wao wanajua chemchemi ipi hukauka na ipi haijawahi kukauka. Mita 60 ziwe ndio mwanzo wa mazungumzo, na mteremko uamue ziongezwe kiasi gani. Na mlango wa ruhusa maalumu ufungwe. Tumeona ulikowafikisha wenzetu.

3. Kuchimba na kufukia kwa pamoja. Mchimbaji apewe ukubwa wa ardhi anaoruhusiwa kuwa ameuacha wazi kwa wakati mmoja. Akiufikia, asifungue kipande kipya mpaka kile cha nyuma kimefukiwa, kimerudishiwa udongo wa juu na kupandwa. Sharti hili likifuatwa, hata kampuni ikiondoka usiku, jeraha linalobaki ni la kipande kimoja.

4. Dhamana ya kweli. Iwe fedha iliyotengwa au dhamana ya benki. Ikokotolewe kwa bei ambayo Serikali ingemlipa mkandarasi mwingine kufanya kazi hiyo, na ipitiwe upya kila mwaka kwa kadiri shimo linavyokua. Sehemu ya mwisho irudishwe kwa saini za ofisi zenu zote mbili, baada ya maji ya kijito kufaulu vipimo kwa misimu kadhaa ya mvua mfululizo.

5. Wachimbaji wadogo. Wengi wao ni vijana wetu, na kumdai mmoja mmoja dhamana kubwa ni kumfukuza aende kuchimba usiku. Wenye leseni katika eneo moja wawe na mfuko wa pamoja, wakichangia kwa kila tani, na Tume iwape mtaalamu wa kuwaonyesha pa kuweka kifusi kabla hawajakosea.

6. Matokeo hadharani. Vipimo vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kila msimu, pamoja na kiasi cha dhamana kilichopo. Jumuiya za Watumia Maji zipewe vifaa na mafunzo ya kupima zenyewe, na vipimo vyao vipokelewe kama taarifa halali.

Mtaambiwa kwamba masharti haya yatamkimbiza mwekezaji. Mwekezaji wa makaa hafuati ukarimu wetu, anafuata makaa, na makaa hayahamishiki. Akijua gharama ya kufunga tangu siku ya kwanza ataiingiza kwenye hesabu yake kama anavyoingiza bei ya dizeli na matairi. Asiyeweza kuchimba kwa faida mpaka mwanakijiji amlipie usafi hana biashara, ana ruzuku aliyojichukulia mwenyewe. Mtaambiwa pia kwamba hatuna uzoefu. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride huko Nzega ulishafungwa na eneo likakabidhiwa kwa Serikali, kwa hiyo kazi ya kufunga mgodi si ngeni nchini. Na mtaambiwa kwamba makaa ni ya muda tu, dunia inayaacha. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kufanya haraka. Soko likianguka, wa kwanza kuondoka watakuwa ni wale wenye wajibu wa kufukia.

Kahawa ya Mbinga ilikuwepo kabla ya makaa na inapaswa kuwepo baada yake. Mitambo ya kuchakata kahawa mbivu hutegemea maji safi ya vijito; maji yakiharibika, ubora unashuka, bei inashuka nao, na hasara hiyo haitaonekana kwenye mahesabu ya mgodi wowote. Itaonekana kwenye malipo ya mkulima katika chama chake cha ushirika, AMCOS. Mizani ya taifa inayohesabu tani zilizotoka Mtwara bila kuhesabu kilo za kahawa na ndoo za maji zilizopotea haijakamilika.

Namalizia kwa swali moja ambalo naomba lijibiwe kwa maandishi na hadharani. Kwa kila leseni ya makaa inayofanya kazi leo ndani ya bonde la Ruhuhu, viko wapi vipimo vya maji vilivyochukuliwa kabla ya kuchimba, na ni kiasi gani cha dhamana kilichowekwa? Kama vipo, vibandikwe Ntunduwaro na kwingineko ili watu wavisome na kuvilinganisha na maji wanayoteka. Kama havipo, tumieni msimu wa mvua unaokuja kuvichukua kwenye vijito ambavyo bado havijaguswa, na Mchuchuma iwe ya kwanza. Huko bado tuna nafasi ya kupima kabla ya kuchimba.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzaliwa wa Mbinga